Pick ya Kebirigo

Ujumbe wa binamu uliingia Ijumaa usiku, Kiswahili na Kiingereza vimechanganywa kama tunavyoandikiana siku zote: "Kesho saa moja we pick. Usichelewe." Jumamosi hiyo tulikuwa tunapeleka mahari Keroka, kwa hivyo sikuuliza. Nilijua gari litanichukua stejini Kebirigo. Nikavaa suti ya kijivu, viatu nikavipiga kiwi mpaka vikang'aa.

Saa moja na nusu bado nimesimama. Probox zinapita, abiria wamejaa hadi kwenye buti, na kila dereva ananiita "mheshimiwa". Nampigia binamu, simu inaita mpaka inakata. Baada ya mara ya sita nikashika njia kwa miguu.

Niliwakuta wote shambani, nailoni viunoni, vikapu mgongoni.

"Mbona hupick simu?"

"Si nilikuambia tunapick?" akajibu, macho yakiwa bado kwenye majani.

Mwingereza ni bahili wa vitenzi, na hilo nalisema nikiwa na uchungu. Sisi tuna kuchuma, kuchagua, kuokota, kuchokoa na kuchokoza. Yeye pua anapick, mchumba anapick, hata ugomvi anapick. Nairobi neno hilo ni la simu na la kubebwa na gari. Hapa Nyamira, ambako watu walikuwa wakiuza majani mabichi kwa KTDA, shirika la chai lililoanzishwa 1964, miaka mingi kabla ya yeyote kati yetu kumiliki simu, linaanza kwa chai. Maana nyingine zinangoja kikapu kijae.

"Magokoro, mimi naenda kwa wakwe," nilimwambia nyanya.

"Wakwe hawaendi popote. Lori la majani ndilo huondoka." Akanifunga nailoni juu ya suti, akaikaza kwa kamba ya katani.

Kanuni naijua tangu utotoni: majani mawili na kichipukizi. Unabana kwa kidole gumba na cha shahada, unakata, unatupa nyuma begani bila kutazama. Nyanya alikuwa akikata kwa mikono miwili, tap tap tap, huku akinisimulia habari za jirani. Mimi nilikata kwa mkono mmoja, wa pili umeinua mkia wa koti usiguse umande. Haukusaidia. Kufikia saa tatu suruali ilikuwa imelowa hadi magotini na vidole vimeingia rangi ya kahawia ambayo sabuni haiitambui.

Kituoni karani alitundika kikapu changu kwenye mizani: kilo tatu. Nyanya alikuwa na kumi na tisa. Kisha karani akayamwaga majani yangu mezani, akayatawanya kwa kiganja, akainua jani moja pana, gumu, la kufungia samaki.

"Nani amepick haya?"

Foleni nzima ikageuka kuitazama suti.