Tuwili na Fowili

Injini ilikuwa imening'inia kwenye mnyororo juu ya pikapu yangu, na haikutaka kushuka. Ilibaki vidole vinne tu ikalie maunti zake, hapo ikagota. Fundi akaipandisha, akaigeuza kidogo, akaishusha. Ikagota tena. Gereji za Wadi Kabir, hapa Muscat, zimepangana ukuta kwa ukuta, na habari ya injini iliyogoma haingoji simu. Kufumba na kufumbua nilikuwa na watazamaji safu mbili, wengine na chai ya karaki mkononi, kila mmoja na ushauri wake. Kijana mmoja alikuwa anarekodi.

"Hii ni 22R?" nikamuuliza fundi.

"22R, baba. Mia mia."

"Na iliyotoka?"

"22R."

"Sasa?"

Akalala chini na tochi, akainuka akijipangusa. "Hii ya tuwili. Gari yako fowili."

Watazamaji wakaguna wote kwa pamoja, kana kwamba walijua toka mwanzo.

Sampu ni lile beseni la chini kabisa linalobeba oili. Kwenye Hilux ya tuwili, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, mbele chini ya injini hakuna difu, sampu inajikalia itakavyo. Kwenye fowili, difu ya mbele imejibanza hapo hapo, kwa hiyo Toyota waliifinya sampu ili difu ipate pa kukaa. Na sampu ikibadilika, bomba linalofyonza oili ndani yake linabadilika, na kijiti cha kupimia oili kinabadilika pia. Pistoni, kranki na hedi ni vile vile. Jina lililopigwa kwenye bloku ni lile lile. Muuzaji niliyemwonyesha mulkiya, kadi ya usajili, na picha ya gari alitazama vyote viwili, akatikisa kichwa kwa heshima, akaniuzia ya tuwili.

Ile injini ya zamani ilikufa kifo cha kusimuliwa. 22R ilitengenezwa miaka ya 80 na 90, ukubwa wake sentimita za ujazo 2,366, bloku ya chuma cha kalibu, na hapa Muscat utapata watu wa kukuapia kuwa haifi. Inakufa. Kati ya kranki na kemshafti kuna cheni, na ubavuni mwa cheni kuna reli mbili za kuizuia isiyumbe. Katikati ya miaka ya 80 cheni ya safu mbili ikaondolewa, ikawekwa ya safu moja, na reli zikawa za plastiki. Plastiki iliyochemka ndani ya oili miaka na miaka hupasuka. Cheni ikikosa wa kuizuia inaanza kupiga kava ya alumini, chaka chaka chaka kila asubuhi unapowasha, na wewe unajiambia ni valvu tu, zikipata moto zitanyamaza. Inakwaruza pole pole, safari baada ya safari, pale pale. Na nyuma ya ukuta ule wa alumini kuna nini? Maji ya rejeta! Siku ukuta unapotoboka, maji yanamiminika kwenye oili, na ukichomoa kijiti unakutana na rangi ya karaki ya maziwa mengi. Beringi zikilainishwa kwa mchanganyiko huo hazina umri. Kipande cha plastiki kinaua bloku ya chuma. Kava ile nimeiweka mezani kwangu. Tundu lake linapitisha ncha ya kalamu, na kila mgeni lazima aione.

Ami yake mke wangu alitaka dizeli. "Tia 3L, yakhe, usumbuke mara moja." Ni kweli, 3L ina sentimita za ujazo 2,779 na haina plagi za cheche wala koili. Lakini inataka plagi zake za kupasha moto, maunti zake, nyaya zake, tanki lisilo na harufu ya petroli, na mtu wa kushinda kwenye foleni za karatasi. Kuna aliyenisifia 3RZ, ujazo 2,693, valvu 16, ambayo bila kompyuta yake ni chuma kizito tu. Na gari hili linakwenda Quriyat kupeleka majani ya mbuzi, pale ambapo tarehe 26 Juni 2018 joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6, mchana wala usiku. Rejeta hupoza maji kwa upepo. Upepo wenyewe ukiwa huo, sithubutu kuiongezea mzigo. Nikachagua 22R kwa 22R, nisibadilishe kitu.

Mtaniambia, si ungetoa sampu ya injini yako ya zamani? Naam. Lakini injini yangu ya zamani nilikuwa nimewaachia wauzaji, wakanipunguzia rial 15. Niliikuta mlangoni mwa duka lao, sampu yake bado ina kovu la jiwe la wadini.

"Nataka sampu hii na bomba lake."

"Rial 25."

"Hii ni yangu."

"Ilikuwa."

Hapo kicheko kilinitoka. Injini nzima, bloku, hedi na vyote, rial 15. Beseni lake la bati, 25. Nyuma ya risiti wamepiga muhuri kwamba bidhaa ikishauzwa hairudi. Anayeuza haulizwi, na anayenunua lazima awe fundi, mwanasheria na nabii. Mamlaka ya kulinda watumiaji tunayo tangu 2011, lakini mbuzi wa Quriyat hawali fomu za malalamiko, na gereji inanitoza nafasi kwa siku. Nikalipa. Mwenye gari jipya angeletewa kiti na kahawa. Mwenye gari kuukuu huonekana amekuja kuomba.

Maunti ya kushoto ilipishana, ikachongwa. Ekzosi ilikatwa kwa kukadiria, ikaungwa.

Injini ikawaka. Nikachomoa kijiti cha oili: kinasema imejaa, na fundi anaapa bado lita nzima. Kijiti ni cha tuwili. Nikarudi dukani, nikakiona changu kimesimama kwenye kopo pamoja na bisibisi.

"Rial 3," akasema muuzaji, kisha akashusha hadi 2, kwa kuwa mimi ni mteja wake.