Sifa za Mheshimiwa Kiboko wa Mafia

Papa potwe amesifiwa vya kutosha. Kila msimu, kuanzia Oktoba hivi hadi Machi, wageni humfuata kwa mashua mbele ya Kilindoni, miwani ya maji usoni, na jioni hawana habari nyingine ya kusimulia. Popo wa Chole nao wana wapenzi wao: mchana kutwa hupigwa picha wakiwa wamening'inia mitini, wala hawajui wamefanya nini cha maana. Kasa wanaotaga Juani wamewekewa watu wa kulinda mayai yao. Katika wanyama wote wa Mafia, aliyesahaulika ni mmoja, naye ndiye mzito kuliko wote wanaokanyaga mchanga wa kisiwa hicho. Ni kiboko. Wanaomjua zaidi, yaani wakulima wa mpunga na wapanda baiskeli, wakimtaja humtaja kwa maneno ambayo gazeti haliwezi kuyachapa.

Haki itendeke.

Kwanza, bila yeye mpanda baiskeli wa Mafia angekuwa mtu asiye na hadithi. Kisiwa kina urefu wa kilometa 50 hivi, hakina simba, hakina tembo, na sehemu kubwa ni tambarare ya minazi na mikorosho. Mtu anaweza kukanyaga pedeli kutoka Kilindoni, akapita Kirongwe, akafika Bweni kule kaskazini, na wanyamapori wote aliokutana nao wakawa kima anayeruka njia, kenge anayeota jua asiye na haraka, na giza likiingia, komba anayelia juu ya mnazi kama mtoto aliyenyimwa uji. Kwa kima na kenge mtu hapati jina kijijini. Aliyekutana na kiboko husimulia mpaka wajukuu wachoke, na kila mwaka mnyama huongezeka kimo.

Namna alivyofika kisiwani inastahili utenzi. Kati ya Mafia na bara pana bahari ya kilometa 20 hivi. Maelezo yanayokubalika ni kwamba viboko hawa walitoka delta ya Rufiji, mafuriko yakawasukuma hadi baharini, na mkondo ukawatupa ng'ambo. Ajabu ni kwamba kiboko si mwogeleaji. Mwili wake ni mzito mno kuelea vizuri. Majini hutembea, akisukuma sakafu kwa miguu na kuibuka kuvuta pumzi kila baada ya dakika chache. Abiria wa leo anayepanda chombo Nyamisati, upande wa bara, hulipa nauli, huvalishwa jaketi la kuokolea maisha, na kusi ikichachamaa husoma dua zote anazozijua. Kiboko alikuja bila tiketi wala jaketi. Ukoo wake, hata hivyo, una mabaharia: Madagaska, iliyo zaidi ya kilometa 400 kutoka bara, ilikuwa na viboko wake wadogo waliotoweka miaka elfu moja hivi iliyopita, na mababu wa hao nao walivuka maji ya chumvi.

Anayetaka kuipima kazi hiyo amtazame mwenzake aliyejificha katika delta hiyohiyo akashindwa kutoka. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, ya tani zaidi ya 3,000, iliingia katika vijito vya Rufiji kukwepa Waingereza. Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia, wakaleta ndege za kuipeleleza, na tarehe 11 Julai 1915 manowari ikapigwa vibaya hadi mabaharia wake wenyewe wakaizamisha. Chuma chote kile hakikuiona tena bahari kuu. Ujerumani hiyo ndiyo iliyomlipa Sultani wa Zanzibar mark milioni 4 baada ya mkataba wa 1890, ili imiliki mwambao wa bara pamoja na kisiwa cha Mafia. Haikukaa hata miaka 30. Kiboko alitoka katika tope lilelile, akafika, akaoa, akazaa, na hakuna mkataba uliomhamisha.

Sifa yake ya pili ni ya uhandisi. Jua likizama kiboko hutoka majini kwenda malishoni, na hupenda kupita njia ileile usiku hata usiku. Kwa kuwa miguu ya kulia iko mbali na ya kushoto, njia yake huchimbika mifereji miwili sambamba, katikati pakabaki tuta la majani. Kwa lugha ya wizara, hiyo ni barabara ya njia mbili yenye kitenganishi, iliyojengwa bila zabuni, bila mkopo na bila jiwe la msingi la kuzinduliwa na mgeni rasmi. Alama za barabarani huziweka mwenyewe: akijisaidia huzungusha mkia kwa kasi, kinyesi kikasambaa vichakani, na mpita njia hata gizani hujua kwa pua kwamba yuko katika barabara ya mtu. Kasoro yake ni ndogo. Gurudumu la baiskeli likishaingia katika mfereji mmoja halitoki kirahisi, na upande wa pili mwenye njia huwa anakuja.

Hapo ndipo adabu inapofundishwa. Mtu amechelewa shamba. Keria imebeba mkungu wa ndizi na nazi kadhaa, cheni inalalamika, mchanga unavuta tairi chini. Taa ya dainamo huangaza kwa kadiri ya mwendo, na mchangani mwendo haupo. Kwa hiyo taa ya aina hiyo humulika vizuri mahali ambapo hakuna cha kuonwa. Kichaka kilicho mbele kinapumua. Dume mzima wa kiboko ana kilo 1,500 na zaidi, na nchi kavu anaweza kukimbia kilometa 30 kwa saa, kasi ambayo mpanda baiskeli mwenye mzigo huiota tu. Hesabu hiyo haihitaji karatasi. Mwenye busara hashindani: hasimami kati ya mnyama na maji, kwa sababu kiboko akishtuka hurudi majini kwa njia iliyonyooka, na aliye katikati huhesabiwa kuwa sehemu ya njia. Baiskeli huachwa. Asubuhi itakutwa palepale, pengine rimu imepinda kidogo.

Kengele, ile inayowahamisha mbuzi, kuku na hata mwenyekiti wa kitongoji, kwake haina kazi. Vijana wa bodaboda, ambao hawajawahi kumpisha mtu tangu wazaliwe, humpisha yeye na kuzima injini kwa heshima. Na wake wenye waume wazururaji wamepata mshirika asiyedai asante: ni nani mwingine aliyeweza kuwarudisha wanaume nyumbani kabla ya Isha bila kuinua sauti?

Ukilinganisha na wanyama wanaowasumbua wapanda baiskeli kwingine duniani, unaona Mafia imependelewa. Huko Australia adui wao ni ndege, magpie, mweusi na mweupe, mdogo wa kubebwa mkononi. Wakati wa kuzaliana huwashukia watu kichwani kutoka nyuma, na waendesha baiskeli wameamua kuchomeka vijiti vya plastiki kwenye kofia zao ngumu, hata mtu mzima akafanana na nungunungu. Ndege huyo si wa mzaha: mwaka 2019 mzee wa miaka 76 alikufa huko New South Wales baada ya kuanguka akimkimbia. Afrika Kusini, mwaka 2011, kijana Evan van der Spuy alikuwa katika mashindano karibu na bwawa la Albert Falls alipogongwa ubavuni na kongoni aliyekuwa akikimbia zake. Alinusurika, na video yake ikatazamwa dunia nzima. Lakini kongoni yule alikuwa mpita njia tu, hakuwa na neno na mtu. Kenya nako, katika Hifadhi ya Hell's Gate iliyoanzishwa mwaka 1984, watalii huruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Pundamilia huinua kichwa, humtazama mgeni, kisha hurudi kwenye majani yake. Dharau tupu. Kiboko hamdharau mtu, akikuona, amekuona.

Wanaomcheka kijana aliyerudi mbio akidai ameona lori bovu likila majani wamkumbuke Ibn Battuta. Msafiri huyo alifika Kilwa mwaka 1331, alikuwa ameshaona nchi nyingi kuliko watu wa zama zake, na bado miaka ishirini na kitu baadaye, alipokutana na viboko kwenye mto Niger, alidhani ni tembo.

Hata jasho lake ni la kifahari, ingawa wataalamu watasema si jasho hasa. Ngozi ya kiboko hutoa majimaji yanayogeuka mekundu, kisha ya hudhurungi. Mwaka 2004 watafiti wa Kijapani walieleza kwamba rangi zilizomo humkinga na jua, na mojawapo huzuia pia bakteria. Mpanda baiskeli anayetoka Utende saa saba mchana hutoa jasho la kutosha kujaza ndoo, na faida anayoipata ni nzi.

Inabaki kesi ya mpunga, ambayo wapinzani wake huikimbilia kila wanaposhindwa hoja. Ni kweli kiboko mmoja hula kilo 40 hivi za majani kwa usiku. Ni kweli pia kwamba mpunga, kwa elimu ya mimea, ni jamii ya nyasi, na hakuna aliyewahi kwenda kumwonyesha mpaka wa jaruba. Anapokula huchagua, anapotembea hachagui, na kilicholala chini ya miguu yake hakisimami tena. Kwa ajili yake wakulima hujenga madungu, hulala juu wakipiga madebe, huwasha moto, na kwa namna hiyo watu ambao wangelala mapema wamepata nafasi ya kuzungumza na majirani hadi alfajiri. Kisha kuna kifuta jasho. Kwa kanuni za mwaka 2011, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyama hatari anaweza kuomba malipo. Mtu ambaye hajawahi kuandikiana na serikali hutembelewa na ofisa, hupimiwa hasara, hujaza fomu na kujifunza subira. Mzaha kando, jaruba lililokanyagwa ni chakula cha nyumba nzima kwa miezi, na mkulima wa Mafia ana haki ya kumtukana mnyama huyu kadiri apendavyo. Makala hii inamwomba tu atukane akiwa juu ya dungu.

Lililo bora zaidi kwake ni namna anavyogawa tamasha. Mtalii hukodi baiskeli na mwongozaji, hutoka asubuhi amebeba kamera yenye lenzi ndefu, huchomwa na jua hadi kwenye mabwawa ya katikati ya kisiwa, hukaa ukingoni saa mbili. Anachoonyeshwa ni masikio mawili na jozi ya pua juu ya maji, navyo huzama mara tu kamera inapowashwa. Ila yule aliyechelewa harusini, asiye na kamera, asiye na taa, asiye na hamu yoyote ya kuona mnyama usiku huo, huonyeshwa kiboko mzima, kuanzia meno hadi mkia, tena bure.