Kuku Akishaamua Kuatamia

Kuku wangu hawajawahi kuniuliza ratiba yangu. Nikitaka vifaranga, mitetea wote watataga, watapiga kelele mtaa mzima ujue, kisha wataondoka zao kwenda kuchakura mchicha wa mama watoto. Nikitaka mayai, tena tarehe zile za mwisho wa mwezi ambapo yai ndilo nyama, mmoja wao atajibanza kwenye kiota, atatuna manyoya, ataanza kuguna kwa sauti nzito, na ukipeleka mkono anadonoa. Mayai ndiyo yamekatika hapo.

Bwana mifugo anasema kosa si la kuku, ni la homoni iitwayo prolaktini. Ikishapanda, kutaga kunasimama, na mtetea hujinyofoa manyoya ya kifuani ili ngozi yake iguse yai bila kizuizi. Nakubali. Lakini homoni hiyo haina macho. Huyu wangu, ambaye watoto wamempa cheo cha Bi Mkubwa, nilimkuta amelalia kandambili iliyokatika mkanda, ametulia kabisa, na nilipoivuta akanitoa damu. Kuku wa kisasa wa mayai hawana mambo haya. Wafugaji waliwachagua kizazi kwa kizazi wale wasiopenda kuatamia, na leo wanataga kama mtu anayeshusha abiria kituoni: gari halizimwi. Sisi wa kienyeji huku Chanika tumebaki na wenye msimamo.

Zipo dawa za kumvunja. Wengine humtumbukiza kwenye maji baridi, wengine humfunga kamba mguuni mbali na kiota, wengine humweka kwenye tenga lililoinuliwa ili upepo umpitie tumboni. Mama watoto alizikataa zote. "Muache mwanamke mwenzangu," akasema, na kikao kikafungwa. Kazi ya kutafuta mayai ikawa yangu.

Sasa, jogoo wetu aliondoka sikukuu iliyopita, akiwa ndani ya sufuria. Na mayai ya trei ya dukani hayana baba. Ukimlalisha kuku juu yake utaangua harufu. Nikaenda kwa muuzaji aliyeapa kwamba kwake jogoo yupo, tena wawili, wanagombea kazi. Mayai yenyewe yanang'aa, ameyaosha kwa sabuni yavutie. Yai la kutotoleshwa halioshwi, maana maji yanaondoa utando unaozuia vijidudu kupenya ganda. Nikamwomba yale yenye uchafu kidogo, yaliyotagwa wiki hiyohiyo. Akanitazama kwa huruma, kisha akanitoza bei ya juu zaidi. "Hayo ndiyo ya mbegu, bosi."

Ushauri ulianza kumiminika kabla sijafika nyumbani. Mama mkwe alipiga simu kutoka Singida, na mtu wa Singida akizungumzia kuku wewe nyamaza. Idadi ya mayai iwe witiri, akasema, na kipande cha mkaa kiwekwe kiotani radi isiyaharibu. Bwana mifugo akacheka habari ya radi, akasema niweke majivu chini ya nyasi kuzuia utitiri, mayai niyapeleke usiku kuku asinione, na kila yai nilitie alama ya penseli. Nilifuata yote, mkaa pia. Mkaa haunigharimu kitu, mama mkwe ananigharimu.

Ile alama ya penseli ndiyo iliyonionyesha tabia ya wanawake wa banda langu. Bi Mkubwa hutoka mara moja kwa siku, anakula, anakunywa, anaoga vumbi, anarudi. Katika dakika hizo chache, mitetea wenzake wanapanda kwenye kiota chake, wanataga na kuondoka bila kusema asante. Kila jioni nakuta yai lisilo na alama. Ukiliacha ni hasara, maana yai huhitaji siku 21 za joto; wenzake wakishaanguliwa, mama ataondoka na vifaranga wake, na lile la mlowezi litafia ndani ya ganda. Kwa hiyo kila jioni mimi, mwenye nyumba, mwenye vyeti, napekua tumbo la kuku nikiondoa mayai ya haramu huku nadonolewa kiwiko.

Na kuhusu kule kutoka mara moja kwa siku, kuna jambo vitabu vya ufugaji hulipitia harakaharaka. Kuku anayeatamia hachafui kiota. Anabana haja kutwa nzima, halafu anaishusha yote kwa pamoja. Ukubwa wake hauelezeki, harufu yake ndiyo kabisa. Banda lina uwanja, nyuma kuna migomba, ila yeye amechagua kizingiti cha sebule, saa ile wageni wanapobisha hodi.

Baada ya wiki nikayapima. Unasubiri giza, unashika yai mbele ya tochi ya simu, unaangalia. Lenye uhai linaonyesha mishipa myekundu iliyotanda kutoka kwenye doa jeusi. Lisilo na kitu linapitisha mwanga peupe. Mengi ya muuzaji wangu yalipitisha mwanga vizuri sana. Nilipomrudia hakutikisika: "Labda kuku wako hajui kulala, bosi."

Jirani yangu, mwenye mashine ya kutotolesha, alifurahi mno. Yeye joto lake ni nyuzi 37.5, mayai yanajigeuza yenyewe, hana anayemdonoa. Umeme ulipokatika usiku nilimsikia akihangaika na jenereta hadi alfajiri. Asubuhi nikamweleza kwamba Wamisri wa kale walitotolesha maelfu ya mayai kwenye majengo ya tofali za udongo yaliyopashwa moto, na joto walilipima kwa kugusisha yai kwenye kope ya jicho. Hakunijibu. Bi Mkubwa wakati huo alikuwa anayageuza yake kwa mdomo, gizani, bila petroli.

Siku ya 20 mayai yakaanza kulia. Kifaranga huita akiwa ndani na mama hujibu, na kuanzia hapo nyumba nzima ilihamia bandani. Watoto walikuja na kijiko kusaidia kubanjua. Nikawafukuza, kifaranga hachokolewi, anaweza kuchukua karibu siku nzima kujitoa, na ukimharakisha anavuja damu. Mama watoto alikuwa ameshawagawa: huyu wa shangazi, yule wa ada ya shule. Mwewe naye alikuwa ameanza kuzunguka juu, kumaanisha kwamba sasa natafuta tenga la kuwafunika, chanjo ya kideri ya matone ya jichoni, na chakula cha vifaranga, na mama yao ananikimbiza nikikatiza uwanja wangu mwenyewe.

Mama mkwe alipiga simu jioni ileile.

"Hongera, baba. Nitumie mitetea tu, majogoo bakini nao."

"Mama, bado hawajulikani. Hadi vilemba viote."

"Basi nitasubiri. Walishe vizuri."