Mkalimani wa Sebuleni

Shangazi wa mume wangu alikuja Dar kutoka Muheza kutolewa mtoto wa jicho, na daktari akamkataza kuinama, kupuliza moto na kubeba ndoo. Mwanamke aliyezoea jembe na mbuzi ukimnyima vyote hivyo, hubaki na televisheni tu. Binti yetu wa kidato cha nne alikuwa na flashi yenye msimu wa kwanza wa A Million Little Things, tamthilia ya Marekani iliyoanza 2018. Ni kisa cha marafiki wa Boston ambao mwenzao Jon, tajiri na mcheshi, anajiua mwanzoni kabisa, na waliobaki wanaanza kufumuka mmoja mmoja. Inaliza. Ni Kiingereza kitupu, lakini tangu enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, mji huu haujawahi kushindwa na Kiingereza cha filamu.

"Nitakutafsiria, bibi," binti akasema.

Tatizo lake lilikuwa adabu. Eddie, mpiga gitaa mwenye mke na mtoto, ana uhusiano wa siri na Delilah, mke wa Jon. Wawili hao walipokumbatiana, Shangazi, jicho moja likiwa bado limefungwa bendeji, akauliza huyu na mjane vipi. "Kaka yake, bibi. Baba mmoja." Rome, rafiki mwingine, amejaza vidonge mdomoni simu inapoita kumpa habari za msiba. "Ana malaria, bibi." Shangazi akaguna. Kisha akatokea Gary, mwanamume aliyepona saratani ya matiti. Hapo binti alitafsiri neno kwa neno, akaambiwa aache uongo. Wanaume huugua kweli, wachache, lakini Shangazi hakutaka kusikia. Ya uongo yote yalipita, la kweli likakwama mlangoni.

Jambo moja lilimridhisha: wale wanaume walijuana walipokwama kwenye lifti. Basi likikuharibikia Chalinze, alisema, aliyekaa kiti cha jirani ni ndugu yako. Lililomuudhi ni msiba wenyewe. Jeneza lilizikwa, watu wakavaa suti nyeusi, wakanywa, wakarudi kila mtu kwake. "Mkeka uko wapi? Nani amelala na mfiwa? Ndiyo maana wanalia kila siku, hawakulia siku tatu mfululizo wakamaliza." Baba watoto, aliyekuwa akijifanya anasoma gazeti, akasema hoja hiyo ina uzito. Nami nakubaliana naye, ingawa nimeona matanga ambayo watu walilia siku saba na bado hakuna aliyemuuliza mjane analalaje.

Basi ikafika ile sehemu ya mimba. Delilah ni mjamzito, na mwenye mzigo ni Eddie. Binti akanyamaza.

"Wanasemaje?"

"Bibi Delilah ana mimba."

"Ya marehemu?"

Angeweza kuitikia tu. Kwenye tamthilia yenyewe wanamsingizia marehemu hivyo hivyo. Lakini mtoto alikuwa amechoka kutunga. "Ya Eddie," akasema, na hapo hapo luku ikaisha.

Giza. Katika giza hilo ikatufikia harufu ya maharage ya nazi kutoka jiko la mkaa barazani, kwa kuwa dada wa kazi naye alikuwa amekaa kwenye zulia tangu Jon azikwe. Mmoja akakimbilia sufuria, mwingine akateleza kwenye kandambili, simu ya baba watoto haikuwa na salio, akatoka kutafuta uniti mtaani. Hakuna aliyekumbuka kurekebisha ukoo wa Boston. Shangazi alisikika akivuta uradi mpaka usingizi ulipomchukua.

Saa mbili asubuhi mama wa nyumba ya pili alikuja na bakuli mkononi, akasalimu kwa urefu, kisha akauliza kama ni kweli huko Marekani kaka huzaa na dada yake. Muheza walikuwa wameshapigiwa simu.

Binti alikiri yote kwenye chai, machozi yakimlengalenga. Shangazi aliendelea kuchovya mkate.

"Nilijua. Kaka hamshiki dada kiuno vile. Nilitangaza ili uone uongo wako unavyotembea." Akameza. "Na yule mwingine hana malaria. Kijijini kwetu alikuwepo mmoja kama yeye, na sisi tukasema malaria. Leo uniambie anachosema."

Usiku ule baba watoto alinyang'anya ukalimani, akidai yeye ni mtu mzima, hana cha kuficha. Kweli hakuficha: kabla ya nusu saa alikuwa ameshatuambia kwamba msimu wa mwisho Gary anakufa. Walimfukuza kwenye kochi. Binti akarudishwa kazini kwa sharti la kusema kila kitu, hata matusi, ila matusi aseme polepole.

"Zimebaki ngapi?" Shangazi akauliza flashi ilipoisha.

Binti akamwambia huo ulikuwa msimu mmoja kati ya mitano, na sehemu zote ni 87.

Shangazi akaomba simu, akampigia mwanawe Muheza. Akamwambia auze yule beberu mkubwa na fedha azitume Dar, maana jicho la pili nalo limeanza kumsumbua.