Jinsi ya Kuumia Vizuri Makorora

Kama umehamia Makorora, Tanga, karibuni na magoti yako yote mawili bado yanakunjika bila mlio, usijivune. Hali hiyo haimdumu mtu anayependa mpira. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako, mgeni, ili siku utakapoumia uumie kwa kufuata taratibu za mtaa, usije ukapona upesi watu wakaanza kukutilia shaka.

Kwanza wajue wakubwa wako. Kila mzee wa Tanga mwenye goti bovu alichezea Coastal Union ile iliyotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1988. Ukiwahesabu barazani utapata wachezaji mia mbili hivi, na wote walikuwa washambuliaji. Usibishe. Hao ndio jopo lako la madaktari, kwa hiyo anza mapema kuwaamkia.

Siku ya ndondo fika uwanjani dakika tano kabla ya filimbi, umeshiba wali wa nazi, na daluga za kuazima mkononi. Zikikupwaya jaza gazeti. Ukiona timu pinzani inakimbia polepole, inaruka, inasimama kwa mguu mmoja na kuinuka tena, kaa nayo mbali. Hao wamepatwa na programu ya kupasha misuli moto iitwayo FIFA 11+, ya dakika 20 hivi, na kinga yake dhidi ya majeraha imeshathibitishwa si Ulaya peke yake. Mwaka 2014 watafiti wa Nigeria walichapisha jaribio walilolifanya Lagos kwa vijana 416 wa timu 20. Waliofuata programu hiyo waliumia pungufu kwa asilimia 41 kuliko wenzao waliojipasha kwa mazoea. Sasa mchezaji asiyeumia atapata wapi stori ya kusimulia kijiweni?

Liko pia zoezi moja baya zaidi. Unapiga magoti, mwenzako anakushika visigino, unajiachia kwenda mbele taratibu huku misuli ya nyuma ya paja ikikuzuia usianguke. Wadenmark walilijaribu kwa wachezaji 942, na matokeo yakatoka mwaka 2011: kundi lililofanya zoezi lilipata majeraha 15 ya nyuma ya paja, kundi lililoachwa liendelee na mambo yake lilipata 52. Halihitaji umeme wala senti tano, linahitaji rafiki wa kukushika miguu. Nadhani ndiyo maana halijaenea. Kitu kisichouzwa dukani hakina msemaji.

Dada zetu wanaocheza wasidhani hawahusiki. Kano ya mbele ya goti, ile ambayo redio za michezo huiita ACL, hukatika kwa wachezaji wa kike mara mbili hadi tatu zaidi kuliko wa kiume. Mwongozo ni uleule.

Haya, umeumia. Umegeuka kumkwepa beki, mguu umebaki mchangani, mwili umezunguka, na ndani ya goti umesikia kitu kimesema *kap*. Lala chini, subiri. Katika nusu dakika utakuwa umezungukwa na watu kumi na tano, na kila mmoja ana ujuzi wake. Wa kwanza atauvuta mguu akipiga kelele, "Nyoosha! Nyoosha!" Wa pili atakumwagia maji ya kunywa ya timu. Wa tatu, huyu ana cheo, ana kopo la dawa ya kupuliza ambalo limekwisha tangu mashindano ya mwaka jana, lakini analitikisa kwa imani. Atatokea pia wa kusema, "Mgosi, inuka utembee, ukiulea utalemaa."

Ushauri wa huyo wa mwisho una utafiti wake, ila hajui. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni ya kumtambua mwenye kifundo kilichoteguka anayehitaji kupigwa picha ya eksirei. Bonyeza mfupa wa kifundo, nyuma na kwenye ncha, upande wa ndani na wa nje. Bonyeza na mifupa ya katikati ya unyayo, ule wa pembeni upande wa kidole kidogo na ule wa upande wa ndani. Kisha mwambie mtu atembee hatua nne, hata kama anachechemea. Akiumia mfupani pale ulipobonyeza, au hatua nne zikamshinda, apelekwe kwenye picha. Asiyekuwa na dalili hizo ni nadra sana awe amevunjika. Kumbuka kwamba kanuni hii ni ya kifundo na unyayo, haihusu paja wala muundi uliopinda kama ndoana. Huo haumtembezi mtu hata hatua moja. Lakini wewe unataka kuumia kienyeji, basi usihesabu hatua. Rudi uwanjani ucheze kipindi cha pili.

Mtu atatumwa barafu. Barafu itakayokuja ni ile ya ubuyu, ya kwenye vifuko, na nusu yake italiwa njiani. Usihuzunike sana. Daktari wa Kimarekani aliyeipa dunia ile kanuni ya kupumzika, kuweka barafu, kufunga bandeji na kuinua mguu, Gabe Mirkin, aliiandika kitabuni mwaka 1978. Mwaka 2014 mwenyewe akakiri kwamba barafu na kupumzika kabisa huenda vinachelewesha kupona. Barafu hupunguza maumivu kwa muda, basi. Kwa hiyo aliyeila ile ya ubuyu hakukudhulumu kiasi hicho.

Sasa utafikishwa nyumbani, na hapa ndipo mambo yanaponoga. Shangazi atamjua mzee anayechua. Sitaki kumdharau mzee huyo. Msuli uliokaza, siku kadhaa baada ya kuumia, mikononi mwake hulegea, na mgonjwa hulala usingizi. Tatizo ni kwamba hana namna ya kuona kilichomo ndani, na haiba yake haimruhusu kusema, "Hili silijui." Atachua goti lililojaa damu kama anavyochua mgongo wa mvuvi. Mfupa ukiwa umevunjika ataufunga kwa vijiti na kitambaa, akaze, kisha akaze tena kwa sababu umelipa.

Kwa anayetaka kupoteza mguu kabisa, hatua hii ndiyo ya uhakika. Vidole vikianza kuwa baridi, mwambie mzee dawa imeshika. Vikifa ganzi, mshukuru. Maumivu yakizidi hata ukinyooshewa kidole kimoja tu, sema ni mfupa unajiunga. Msuli ulionyimwa damu huanza kufa katika saa sita hivi, kwa hiyo hutakuwa na haja ya kusubiri mpaka Ijumaa. Asiyetaka kufika huko afungue kile kitambaa saa hiyohiyo, awahi hospitali. Mambo hayohayo yanaweza kutokea hata kwa hogo la hospitali likibana, na hapo napo mtu asingoje tarehe ya kliniki.

Wakati huo jikoni kuna supu ya makongoro, kwa sababu mguu huponywa na mguu. Kunywa, ni tamu. Ila kumbuka kwamba yule ng'ombe alikuwa nayo yote manne na hayakumsaidia.

Fedha zikiisha, nenda hospitali. Utaratibu wa mtaa unataka iwe mwisho, ingawa Kituo cha Afya Makorora kiko hapohapo, na Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, ni safari fupi ya bajaji hadi kule juu ya bahari. Kama umeletwa na ajali ya bodaboda na mfupa umetoboa ngozi, utaratibu huo utakugharimu zaidi. Kidonda cha namna hiyo kinahitaji antibiotiki mapema, ndani ya saa moja ikiwezekana, kisha kusafishwa vizuri kwenye chumba cha upasuaji. Majivu na mafuta ya taa havimo kwenye orodha.

Kwa wa mpira, hospitali ina mtego wake. Eksirei huonyesha mifupa. ACL haionekani humo, wala gegedu. Utaambiwa mfupa mzima, na nyumbani utatangaza kwamba goti zima. Goti lililolia *kap* likavimba ndani ya saa chache, kisha baada ya wiki likawa linakukimbia ukishuka ngazi, linahitaji mikono ya daktari wa mifupa hata kama picha ni safi kama maji ya Amboni.

Ikibidi rufaa, iko njia ya Moshi, hospitali ya KCMC, na iko ya Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Zote mbili zinapitia Segera, na kila tuta utalihesabu kwa mfupa.

Ukifika kwa daktari wa upasuaji, hakikisha unauliza maswali yasiyo na faida. Uliza chuma ni cha Ujerumani au cha India. Uliza kama kitalia uwanja wa ndege. Usiulize kamwe, "Watu waliofanyiwa hivi, baada ya mwaka mmoja wako wapi?" Ukiuliza hivyo utajibiwa, maana Tanzania inalo jibu lake lenyewe. Pale MOI watu wazima 240 waliovunjika muundi kwa jeraha la wazi walipangwa kwa kura: nusu wakawekewa chuma ndani ya mfupa, nusu wakafungwa fremu ya nje. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Baada ya mwaka, waliofariki au kulazimika kupasuliwa tena hawakutofautiana kwa kiasi cha kusema chuma hiki ni bora. Cha ndani kilinyoosha mguu vizuri zaidi na kuwapa wagonjwa wiki za mwanzo zenye nafuu. Mwaka ulipotimia tofauti hiyo ikawa imefifia. Mimi ningekuwa na mwanangu wodini, habari hiyo ningeitaka kuliko jina la kiwanda.

Na kuna upasuaji ambao bora zaidi ni kuuahirisha. Usiwaambie maveterani wa Jumamosi, watakosa kisingizio. Finland waliwachukua watu 146 wenye umri wa miaka 35 hadi 65, gegedu za magoti zimechanika kwa uchakavu. Wengine wakakatwa gegedu kwa matundu madogo, wengine wakatobolewa matundu yaleyale bila kufanyiwa kitu ndani, na hakuna aliyejua yuko kundi gani. Mwaka mmoja baadaye, kama matokeo ya 2013 yalivyoonyesha, makundi yote mawili yalikuwa na nafuu sawa. Hata ACL ya kijana si lazima ikimbiliwe na kisu: Sweden, mwaka 2010, vijana 121 waligawanywa, wengine wakapasuliwa mapema, wengine wakaanza na mazoezi tiba huku mlango wa upasuaji ukiwa wazi. Miaka miwili baadaye magoti yao yalikuwa na hali ileile, na zaidi ya nusu ya hao wa mazoezi hawakuwa wamepasuliwa kabisa. Lakini mazoezi yale yalikuwa kazi ya miezi, chini ya mtaalamu, si kupanda baiskeli ya shemeji siku mbili ukachoka.

Umepasuliwa, umeshonwa, mwezi wa tatu hakuna maumivu. Wenzako watakuja na jezi. "Mgosi, tunacheza nusu fainali." Nenda! Watafiti wa Norway na Marekani waliwafuatilia wachezaji waliotengenezewa ACL wakaona kwamba kila mwezi mmoja wa kuchelewa kurudi, hadi kufikia miezi tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena goti kwa takriban nusu. Nusu fainali, hata hivyo, haisubiri miezi tisa, na goti la pili bado unalo.

Jambo la mwisho ni simu ya kukuita urudi kliniki. Hospitali nyingi za nchi maskini hutumia chuma cha shirika la Kimarekani liitwalo SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle. Chuma hicho hufungwa bila ile mashine ya kuonyesha mfupa kwenye skrini wakati wa upasuaji. Hospitali hupewa bure kwa ajili ya wasio na uwezo, na malipo yake ni taarifa: picha za mgonjwa kabla, baada, na anaporudi kliniki. Mojawapo ya picha hizo ni ya mgonjwa aliyechuchumaa huku anatabasamu. Si mzaha. Watafiti wakishirikiana na MOI wameupima mtindo huo kwa wagonjwa wa Dar es Salaam waliovunjika paja: ameshuka kiasi gani, ameshika kitu au hakushika, na uso wake unasemaje.

Watu wetu hapa ndipo wanapoiharibu sayansi. Aliyepona harudi, nauli ya nini? Ambaye hakupona naye harudi, amekata tamaa, amekwenda kwa mzee wa shangazi, amebadilisha laini. Daktari anabaki na daftari la wale wa katikati, kisha anaulizwa upasuaji wake unafaa kwa kiasi gani. Kwa hiyo ukipigiwa na namba usiyoijua ukaitwa kwa majina yako matatu, usikate ukidhani ni mkopo. Ukitakiwa uende, nenda. Chuchumaa mpaka unapofika, usishike ukuta, tabasamu. Na kama hufiki, shika huo ukuta, nuna, upigwe picha hivyohivyo. Picha ya mtu aliyenuna ndiyo inayokosekana kwenye faili.