Usitutie Kisimani

Mwaka 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi katika Kanisa, na hati yake inataka watu wenye imani ya kina na ukomavu wa utu. Mwenyekiti wa jumuiya yetu alitaka mtu asiye na shughuli Jumamosi. Alinidaka nje ya kanisa baada ya Misa ya kwanza, akaniambia yule mama anayefundisha watoto wa Komunyo amekwenda Singida kumuuguza mkwewe, kwa hiyo nimshikie Jumamosi moja tu. Ilikuwa Februari. Kwaresima imekuja ikaisha, Pentekoste nayo imepita, na mkwe wa watu bado anaumwa.

Nilikubali kwa sababu niliona ni kazi ndogo. Mafundisho hayo niliyapata utotoni kwa njia ya maswali na majibu, fimbo ikiwa mezani kama mwalimu msaidizi. Hata leo ukiniamsha usiku wa manane ukaniuliza sakramenti ni ngapi, nitajibu saba kabla sijakuuliza wewe ni nani na umeingiaje humu ndani.

Nikakabidhiwa watoto 43 chini ya mwembe, kwa kuwa ukumbi ulikuwa na mazoezi ya kwaya. Wengi wana miaka tisa au kumi. Papa Pio wa Kumi ndiye aliyeagiza, mwaka 1910, kwamba mtoto akifika umri wa kupambanua mambo, yaani kama miaka saba hivi, asicheleweshwe Komunyo. Kabla ya hapo sehemu nyingi walisubirishwa mpaka 12 na zaidi. Kuhusu umri ambao mwalimu wao anaanza kupambanua, agizo lake halisemi.

Siku ya kwanza tukasali Salamu Maria, wakaitiririsha vizuri mpaka nikajisifu moyoni. Tulipomaliza, kijana mmoja aliyeng'oka meno mawili ya mbele akanyoosha kidole.

"Mwalimu, Bwana Yunawe ndiyo mume wake?"

"Bwana nani?"

"Yunawe. Wa Maria."

Nikamweleza kwamba si jina, ni maneno mawili: yu, nawe. Maana yake Bwana yuko pamoja nawe. Akafikiri. "Sasa kwa nini wasiseme yuko?" Nikasema kwa sababu ni sala. Jibu hilo halikumridhisha, na kusema kweli hata mimi halikuniridhisha. Pale nyuma binti mmoja akashusha pumzi, akamwambia mwenzake kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo wa miaka: "Nilikuwa najiuliza, sasa Yosefu je?"

Nilicheka peke yangu kwenye bajaji mpaka dereva akaanza kuniangalia kwenye kioo. Tulipofika mataa nikanyamaza. Nilikuwa najaribu kukumbuka mimi mwenyewe nilijua lini kwamba Yunawe si mtu, na sikumbuki kabisa.

Wiki iliyofuata ilikuwa Baba Yetu. Safari hii nikawa mjanja, nikawasimamisha mmoja mmoja. Binti yuleyule wa Yosefu akaanza vizuri, akavuka mkate, akavuka makosa, halafu akamwomba Mungu asitutie katika kisima, lakini atuopoe maovuni.

"Kishawishi," nikamsahihisha.

"Kishawishi ni nini?"

"Ni kitu kinachokuvuta utende dhambi."

"Sasa Mungu anatuopoa vipi humo?"

Huku kwetu, pembezoni mwa Dar es Salaam, maji ya bomba huja yakijisikia, kwa hiyo nyumba nyingi zina visima, na hakuna mtoto asiyejua kuopoa. Darasa likanitoka. Binti akaeleza jinsi ndoo yao inavyokatika kamba na babu yake anavyokwenda kuchukua kulabu nyuma ya banda: nondo tatu zilizopindwa, zikafungwa pamoja kwa waya. Unaishusha taratibu, akasema, usiivute ovyo, unaburuza chini huku umetega sikio. Ikigusa matope hakuna sauti. Ikigusa mpini wa ndoo inasema *ti*. Hapo hupaswi kushangilia, maana ukishangilia unatikisa kamba na ndoo inarudi chini. Mwingine akadai kwao wanatumia sumaku ya spika. Mwingine akasema hiyo ni kwa ndoo za bati tu, za plastiki je? Wakabishana robo saa nzima. Nami nimesimama na chaki, nikijua kwamba kwa miaka yote niliyolisali neno hilo sikuwahi kuona kamba, wala kulabu, wala mtu aliyeinama ukingoni ametega sikio. Nilikuwa napita tu kuelekea Amina.

Basi nani amekosea sala? Mstari huohuo wa kishawishi umewasumbua wakubwa kuliko mimi. Maaskofu wa Italia waliubadilisha katika kitabu chao cha Misa mwaka 2020. Nikawakumbuka pia wale mapadre wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Wanafunzi wao wa mwanzo wengi walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Hao, nadhani, wasingehitaji mtu wa kuwaeleza kuopolewa ni nini.

Nilimrekebisha binti, maana ndiyo kazi niliyopewa. Lakini sikumrekebisha kwa nguvu.

Kisha ukaja wakati wa kitubio cha kwanza, na hapo ndipo nilipoharibu. Watoto walikuwa na hofu. Hawakujua waseme nini, na mmoja aliapa kwamba yeye hana dhambi, aulizwe mama yake. Nikaona niwasaidie kwa mifano. Nikaandika ubaoni: *Nimeiba sukari ya mama. Nimegombana na mdogo wangu. Sikusali kabla ya kulala.* Nikasema hii ni mifano tu, kila mtu akaandike ya kwake.

Ningepaswa kujua. Mtoto wa shule ya msingi akiona maandishi ya chaki anayanakili, hajali kama ni hesabu au ni dhambi. Tena mimi ni wa mwisho kushangaa. Nilipokuwa darasa la tatu nilinakili za jirani yangu wa dawati, ambaye alikuwa na mwandiko mzuri na makosa ya kistaarabu, nikaacha ya kwangu nyumbani. Ya kwangu ndiyo ile ya sukari. Nilikuwa nachota kwa kijiko, nasawazisha juu kwa kidole ili mama asione shimo.

Siku ya kitubio Paroko alikaa pembeni mwa kanisa na stola yake ya zambarau, watoto wakapanga mstari, kila mmoja na karatasi yake. Mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kufikia wa kumi hivi Paroko aliinua uso akanitafuta kwa macho pale kwenye benchi. Siri ya kitubio ilimzuia kusema chochote. Haikumzuia kunitazama. Alinitazama tena alipofika wa ishirini, na baada ya hapo nikahamia nyuma ya nguzo.

Watoto wao hawabanwi na siri yoyote. Nje, chini ya mwembe, walikuwa wanalinganisha majibu kama waliotoka kwenye mtihani.

"Wewe umepewa ngapi?"

"Salamu Maria tatu."

"Na mimi tatu! Ulianza na sukari?"

"Wote tumeanza na sukari."

Yule kijana wa mapengo alikuwa amekaa peke yake kwenye mzizi. Nikamuuliza kulikoni. Akasema kwao hawanunui sukari, bibi ana kisukari.

"Sasa kwa nini umesema umeiba?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Si ilikuwa ubaoni, Mwalimu."

Kwa hiyo kuna mtoto aliyeingia kwenye kitubio chake cha kwanza akasema uongo, na uongo wenyewe alipewa na mwalimu wa dini. Nimejaribu kupiga hesabu hiyo ni dhambi ya nani, na kila nikipiga jibu linakuja kwangu. Jumamosi iliyofuata nikajipanga mstari, nyuma ya akina mama wawili na mzee mmoja mwenye bakora.

Binti wa kisimani alikuwa anapita kwenda mazoezi ya kwaya ya watoto. Akaniamkia, akaiangalia mikono yangu mitupu, akasimama.

"Mwalimu, hujaandika?"

"Ziko kichwani."

"Utasahau." Akafungua daftari, akachomoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akanipa. "Chukua hii, mimi nimeshamaliza nayo."

Nikaikunjua. Mstari wa kwanza ulikuwa wa kwangu. Mzee wa bakora akatoka, akapiga magoti kwenye benchi, na mle ndani Paroko akakohoa kumwita anayefuata.