Muulize Senga: Barua Zinazotetemeka

Kwa mnaosoma kutoka mbali: huku kwetu Uganda shangazi ni senga, na kazi yake ni kusema yale mama anayoonea haya. Wiki hii baridi imewashinda wengi.

*Senga, shikamoo. Nimetoka Unguja, nasoma Chuo Kikuu cha Kiislamu hapa Mbale. Alfajiri maji ya kutawadha yananiuma mpaka kwenye mifupa. Nimekuja na shuka moja tu. – Mtoto wa Pwani*

Marahaba, mwanangu. Umezoea bahari, sasa unalala miguuni pa Masaba, mlima ambao ramani zinauita Elgon. Kilele chake, Wagagai, kina mita 4,321, na usiku ubaridi wake huteremka hadi chumbani kwako. Nenda kwenye mivumba, ile mnayoiita mitumba, ununue sweta na blanketi. Ila usitetemeke hadharani! Kila mwaka wa shufwa, kuanzia Agosti, vijana wa Kigisu wa rika lako hupakwa matope na kusimama wima mbele ya kisu cha ngariba. Anayepepesa jicho huaibisha ukoo. Wewe unalilia birika? Lipashe moto.

*Senga, nilikulia Jinja nikidhani baridi ni upepo wa ziwani. Sasa niko Edmonton, Kanada. Nilivaa fulana tatu za pamba, jinzi mbili na soksi nne. Nje vidole vilikufa ganzi. Ndani ya basi nikatiririka jasho kama mkata miwa wa Kakira. – Barafu*

Ulijifunga kama matooke kwenye majani ya mgomba, basi ukaiva. Kinachopasha joto ni hewa iliyonaswa kati ya nguo. Soksi nne zilifukuza hewa, zikabana na damu. Pamba nayo hunywa jasho, na ukitoka nje jasho hilo linakugeuka. Anza na sufu nyepesi mwilini, kisha nzito, juu kabisa kitu kisichopitisha upepo. Glavu ziwe za kifuko kimoja, vidole vipashane joto kama watoto wa kitanda kimoja. Usoni paka mafuta ya mgando. Huko jina lao limepata nchi. Na wakikutajia hasi 40, usiulize Selsiasi au Farenhaiti: hapo vipimo vyote viwili vimeshakubaliana dhidi yako.

*Senga, binti yangu anakwenda Uingereza Januari. Nimemnunulia koti la mivumba sokoni Mbale, analionea aibu. – Mama Mbale*

Mama mwenzangu, mketishe. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka ya Jinja na Mbale yakafungwa, na watu waliozaliwa kando ya Nile wakashuka uwanja wa ndege wa Stansted, Uingereza, wakiwa na sari na kandambili, baridi ndiyo inaingia. Wengi walilazwa katika kambi za jeshi, na kina mama wa kujitolea wakawagawia makoti yaliyokwisha kuvaliwa. Mtu aliyekuwa akiuza vitambaa kwa jora akainama kuchambua rundo, kama tunavyoinama sisi. Aibu haikuua mtu, baridi ingeweza.

Kagua zipu, vuta mshono wa kwapani, kisha pekua mifuko. Katika langu nilikuta tiketi ya basi ya Leeds na glavu moja ya mtoto. Mwambie binti asilione haya koti hilo. Lenyewe linarudi kwao. Mgeni ni yeye.